Alama Nane Chini ya Kinara

Mauwa mwanangu,

Naandika nikiwa nimekalia kiti cha mama yako, hapa mlangoni, kwa sababu ndipo mwanga umebaki. Wewe umevuka mto Lukuga kwenda kumuaga bibi yako. Mama yako anakaanga samaki, mikeke ya kula njiani, nami nimekatazwa kukanyaga jikoni. Nikimaliza nitaifunga barua hii pamoja na kitu kingine, nitavisukuma chini kabisa ya sanduku lako, chini ya vitenge, na nitakuomba usilifungue sanduku mpaka mpite Kabalo. Hiyo ni kama treni itakuja kesho. Isipokuja, nawe ukafungua sanduku hapa nyumbani, mimi mtanitafuta Zongwe kwa shangazi yako, maana sitaweza kukutazama usoni.

Sitakuandikia habari za kwinini, wala za kulala na mkoba umeufunga mkononi, wala za wale wanaouza kuku wa jana stesheni ya Kabalo. Hayo mama yako ameyamaliza tangu Jumatatu, na yaliyobaki atakupigia kelele dirishani treni ikianza kusogea. Mimi nina jambo moja. Nimelibeba wiki tatu, na mara tatu nimefungua mdomo nikuambie, nikaishia kukuuliza kama umekula.

Juzi ulimwambia mama yako maneno mkiwa mnafua. Usimkasirikie, asingeweza kunificha. Alikuja na beseni lake la nguo mbichi akasimama mbele yangu.

"Papa Mauwa, mutoto anasema akifika Lubumbashi, kitu ya kwanza ataambia Frère ile kinara haikukuwa ya mikono yake. Anasema bamurudishe tu. Sasa weye uko unangoja nini?"

Nikamuuliza kama umelia. Akasema hapana, hukulia, ulikuwa unakamua shuka la kaka yako huku unayasema hayo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Tangu siku hiyo hajaniongelesha ila kwa mambo ya chumvi na maji.

Kwa hiyo unajua kwamba niliigusa kazi yako. Nilikuwa natumaini hujui. Lakini kuna kitu hukijui, na ni hicho ninachotaka kikufikie kabla wewe hujafika kwa Frère, huyo bruda atakayekufundisha. Nivumilie kidogo, nianzie mbali.

Unaijua hangari yetu ya Jumamosi, nyuma ya parokia. Unajua tunavyomalizia salongo, ile kazi ya pamoja ya asubuhi, haraka haraka, majembe bado na udongo, ili tuwahi mashine kabla umeme wa mtambo wa Bendera haujakatika. Usichokijua ni namna nilivyoingia mimi. Nilikuwa seremala wa milango na vitanda, kijana mwenye kiburi, na siku ya kwanza kuiona ile mashine inazungusha kipande cha mti, na mtu amekishikia chuma tu, na mti unajitoa maranda marefu kama utepe mpaka unakuwa mviringo, nilisema kazi hii nitaijua kwa wiki moja. Papa Mwepu, mkubwa wa hangari, alinisikia. Wakati ule nywele zake zilikuwa bado nyeusi, lakini kile kidole chake kifupi kilikuwa kifupi vilevile. Akanipa kipande cha mti mgumu, mulombwa, nikereze mchi wa kutwangia majani ya sombe, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili nyuma ya mgongo, akasimama.

Nilifikiri anasali. Nilikipasua kile kipande, akanipa kingine. Nikakipasua. Chuma kilinirukia kikanikata hapa chini ya jicho, alama hii ambayo ukiwa mdogo ulikuwa unaigusa na kuniuliza nani alinipiga. Papa Mwepu hakuisogeza mikono yake. Alisema tu: "Unakaza. Legeza bega. Hapana, ile ingine." Jumamosi sita nilikuwa napasua miti huku yeye ameshika kofia yake mgongoni. Ya saba mchi ukatoka. Ulikuwa umepinda. Mama yako, ambaye sikuwa nimemuoa bado, aliutwangia miaka minane mpaka ukavunjika, na hakuniambia hata siku moja kwamba umepinda.

Baadaye nikaelewa kwamba ile ndiyo sheria ya hangari. Anayefundisha anashika kofia nyuma. Asiye na kofia anashika kitambaa, au anashika kidole chake mwenyewe. Mdomo ni ruhusa, mikono hapana. Wewe uliicheka sheria hii siku ya kwanza ulipokuja, ukasema tunafanana na wafungwa tumesimama foleni. Hata Papa Mwepu alicheka.

Nilipoanza kufundisha mimi, mwanangu, nilikuwa mbaya. Umeshasikia jina la Kisimba. Alikuwa mtu mzima, ana watoto watatu, mvuvi wa Ankoro aliyeharibika mguu akahamia hapa kwa ndugu zake atafute kazi ya kukaa. Nilipewa yeye. Nilimpenda, na kwa kuwa nilimpenda sikuweza kumtazama akikosea. Chuma kikianza kutetemeka mkononi mwake, kofia yangu ilikuwa inaanguka chini na mikono yangu iko juu ya mikono yake. "Hivi, ndugu yangu, njo hivi." Vitu vilikuwa vinatoka vizuri. Bakuli, michi, miguu ya meza. Watu walisema nina mkono wa kufundisha, nami niliamini. Karibu mwaka mzima ukapita hivyo. Siku moja nikashikwa na malaria nikalala Jumamosi mbili, na Kisimba akabaki mbele ya mashine peke yake. Hakuweza hata kuuweka mti katikati.

Alikuja hapa nyumbani kuniaga. Alikaa kwenye kiti hiki hiki. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alisema: "Papa, weye ulifundisha mikono yako. Yangu ulikuwa unaibeba tu." Akarudi Ankoro. Miaka mingi baadaye nilipita kule nikamkuta ufukweni anachonga kafi kwa kisu, makafi mazuri sana, na ameyajua peke yake. Tulikula pamoja. Sikuomba msamaha, nilisifu makafi. Hilo nalo ni kosa, na mpaka leo linaniuma nikilala.

Basi mtu aliyefundishwa hivyo na Kisimba ungefikiri amejifunza. Hata mimi nilifikiri hivyo.

Ulipotaka kuingia hangarini nilikukatalia, unakumbuka. Nilisema vumbi litakuharibu kifua. Haikuwa vumbi. Niliogopa wale wanaume watakucheka, na kwamba nitawasikia wanavyokucheka na itabidi niwachukie, watu ambao nimekaa nao maisha yangu yote. Ukaenda mwenyewe kwa Papa Mwepu. Baadhi walinung'unika, mwanamke na mashine, wapi na wapi. Papa Mwepu akawauliza swali moja: "Iko na mikono mbili?" Wakasema ndiyo. "Basi aingie." Akakuvalisha aproni yake mwenyewe, iliyokufika kwenye vifundo vya miguu.

Na alinikataza nisikufundishe mimi. Sikukuambia. Alisema, "Huyu utamubeba kama ulivyobeba Kisimba." Niliudhika sana. Miaka hii mitatu nimesimama pembeni, kofia nyuma, hata kusema ilikuwa shida, na nimekuona unapasua miti kuliko nilivyopasua mimi. Siku ulipoacha kukaza bega niliiona. Ilikuwa Jumamosi ya mvua, ulikuwa unakereza mguu wa kigoda, na ghafla sauti ya chuma ikabadilika, ikawa laini. Hukujua kwamba nimeona. Nilitoka nje nikajifanya natazama mawingu.

Sasa vile vinara. Ulivikereza viwili kwa ajili ya meza ya parokia, ile siku ya mwisho wa kiangazi ambayo hangari nzima inaweka kazi zake watu wazione. Ulivimaliza wiki moja kabla. Vilikuwa vizuri, Mauwa. Lakini pete ile ya katikati uliiacha nene, na mimi nilipoitazama sikuona pete, niliona midomo ya watu. Nilimsikia fulani anasema, ndiyo hayo, mkono wa mwanamke, hajui kumalizia. Hakuwa amesema. Nilimsikia kichwani mwangu tu.

Jumatano nikitoka kazini nilipita hangarini. Hakukuwa na mtu. Nilichukua kinara kimoja nikakirudisha kwenye mashine. Nilijiambia nitaipunguza ile pete kidogo tu, kama unene wa ukucha, kisha nifanye vilevile kwenye cha pili. Hata chuma chako nilikitumia, kile ulichokifunga kamba nyekundu. Nikaipunguza, ikawa nyembamba, sawasawa, kama za dukani. Nilipotaka kushika cha pili umeme ukakatika. Nikangoja. Nikafagia maranda yangu nikayatia mfukoni kama mwizi. Umeme haukurudi, nikaenda nyumbani, na jioni ile ukanipakulia ugali ukaniuliza mbona nina vumbi la mti kwenye nyusi.

Wewe unajua nilivyojikamatisha. Yale meno manne ya mashine, yanayoung'ata mti kwa chini ili uzunguke, yanaacha alama nne kwenye kitako cha kazi. Hatuzifuti, ni desturi yetu, anayetaka ajue kazi imekaa mashineni mara ngapi akipindue. Mtu akikirudisha kwa utulivu atayaingiza meno kwenye matundu yale yale. Mimi nilikuwa na haraka, jicho moja liko mlangoni. Nikaacha alama nane.

Asubuhi ya kupanga meza nilikuona. Ulikichukua kinara, ukaipitisha gumba kwenye pete, ukasimama. Kisha ukakipindua. Nilikuwa nabeba benchi, nikaendelea kubeba benchi. Ulikirudisha mezani taratibu, ukanyoosha kitambaa, ukaenda kumsaidia mama yako na viti. Mchana ule ule habari ya msiba ikafika, ukaenda Zongwe kwa shangazi yako, wiki nzima. Nilishukuru kwamba umeondoka. Naona haya kuandika hivyo kwa sababu ya msiba wa watu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo hukuwepo Frère alipokuja. Alikuwa ametoka Moba, amekwama hapa siku nyingi akingoja treni kama kila mtu, na padri akamwambia njoo utazame kazi za watu wetu. Anafundisha kwenye ile atelie ya useremala ya Lubumbashi, mtu mfupi, mnene, miwani imefungwa na waya. Alizunguka meza yetu. Alipofika kwenye vinara vyako hakuvitazama juu. Alivipindua vyote viwili kwanza, kama tunavyofanya sisi, na hapo nikajua nimekwisha.

"Nani alitengeneza?"

Papa Mwepu akasema, "Mutoto ya huyu. Mwana muke."

Frère akainua kile chenye alama nane, akakitazama kwa muda, kisha akakiweka. "Hii bantu babili baliishika," akasema. Hakuuliza ni nani wa pili. Akainua kile kingine. Akaipitisha gumba kwenye pete yako, ile nene, akatabasamu peke yake. "Hii pete iko munene. Lakini angalia, aliiacha kwa kupenda. Mukono haikuogopa. Hii njo nitabeba, na huyu mutoto mumutume kwangu."

Akakifunga kwenye gazeti, akakitia mkobani. Kimoja, Mauwa. Chako. Chenye alama nne, ambacho umeme wa Bendera ulikikinga nisikifikie.

Uliporudi Zongwe tukakupa habari kwamba umeitwa Lubumbashi, hukuruka wala hukupiga vigelegele kama mama yako. Ulitazama meza ukaniuliza, "Papa, vile vinara viko wapi?" Nami nikakujibu kwamba Frère amevibeba vyote viwili. Uongo. Kile cha pili kilikuwa kwenye sanduku langu la vyuma, nimekifunga kwa shati. Niliona haya ukikikuta nyumbani, ukikipindua tena mbele yangu. Nikadhani nikisema vyote vimeenda, habari itaisha. Kumbe hapo ndipo nilipokuharibia kabisa. Umeishi wiki tatu ukiamini kwamba umeitwa kwa mkono wangu. Umeshona nguo, umeaga watu, umepokea baraka za bibi yako, na moyoni unajiona unakwenda kurudishwa.

Sababu ninayo, lakini siyo ya kukufanya unionee huruma. Nilitaka wasikucheke. Ukweli ulio chini ya huo ni kwamba sikuamini. Nilikuona kwa macho yangu mawili bega limelegea, nikatoka nje nikalia chini ya mvua, na bado sikuamini mpaka mtu mgeni mwenye miwani ya waya aje aniambie. Hilo ndilo naomba unisamehe, kuliko pete na kuliko uongo. Sikukuomba msamaha kwa mdomo kwa sababu mimi ndiye yule yule aliyesifu makafi.

Kwa Papa Mwepu nilikwenda. Nilimweleza yote Jumamosi iliyopita kabla wengine hawajafika. Hakunigombeza. Alikwenda kwenye kona akachukua ufagio akanipa. Ndiyo maana ulinikuta nafagia hangari nzima peke yangu, ukanitania kwamba nimestaafishwa ukereza nimepewa cheo cha mwanafunzi. Nitafagia mpaka atakaponiambia basi, na sidhani anaharakisha.

Sasa nyoosha mkono chini ya vitenge. Kitu kilichofungwa kwenye shati langu la kijani ndicho hicho. Kifungue, kikamate, pitisha gumba kwenye pete. Nyembamba, safi, kama ya dukani. Kipindue uhesabu. Ukishahesabu nane utajua ni kipi kilichobaki hapa Kalemie na ni kipi kilichokutangulia Lubumbashi. Huna cha kumwambia Frère. Anajua tangu siku ile ni kipi chako, alijua kabla yako. Ukitaka umuonyeshe hiki na umwambie ni cha baba yako, mwambie. Au kitumie kuwashia mshumaa, umeme wa huko nao nasikia una tabia zake.

Kuna watu huko watakaotaka kukusaidia, wazuri kabisa, wenye mapenzi. Mikono yao itakuja juu ya mikono yako. Utajua mwenyewe cha kufanya, mimi si mtu wa kukufundisha hilo. Nakuambia tu kwamba nimekuwa hiyo mikono, na kwamba aliyekuwa akiipeleka kila mara alikuwa anaogopa.

Mama yako ananiita, nadhani anataka kuni, maana hajaniita kwa jina. Na wewe nakuona unateremka njiani, umebeba kitu kichwani, bibi yako hajakuacha uondoke mikono mitupu. Lazima nifunge.

Ukisoma haya stesheni itakuwa imeshapita. Utakuwa umeshaniona nimesimama pale, sanduku lako zito liko chini, wewe unalivuta, unalipandisha ngazi ya behewa kwa goti, mama yako ananipigia kelele mbele za watu, Papa Mauwa, una nini leo, saidia mutoto. Na mimi sikusogea. Labda ulifikiri nimekasirika, au nimezeeka, au moyo wangu umekuwa mgumu kwa sababu unaondoka. Nakuapia mwanangu haikuwa hivyo, nilitaka kulibeba sanduku lile, na wewe ukiwa juu yake, mpaka Lubumbashi kwa miguu. Lakini kumbuka vizuri nilivyosimama, na kofia yangu ilikuwa wapi.

Papa yako